Sauti ya Pili na Vipira vya Masikioni

Mwalimu wa kwaya alitutangazia kwamba Jumamosi tutapimwa. Alisema akiwa amesimama mlangoni mwa kanisa, begi mgongoni, kwa sauti ya mtu anayetangaza zamu ya kufagia uwanja. Tutasimama wanne wanne, kila sauti mtu mmoja, tutaimba ule wimbo wa Kibaoni mwanzo hadi mwisho, na atakayepoteza njia atapumzika. Neno alilotumia ni hilo, kupumzika. Maana yake wenzako watapanda gari waende Kibaoni kwenye mkusanyiko wa kwaya, wewe ubaki Nsemulwa unalisha kuku.

Watu walipoanza kutawanyika akaniita pembeni.

"Mama, nikwambie kitu, usinichukie."

"Sema."

"Beti la pili unaiacha sauti yako. Unapanda, unawafuata wa sauti ya kwanza."

"Mimi nilikuwa naimba sauti ya pili wewe hujazaliwa."

"Najua, Mama. Ndiyo maana nakwambia leo, siyo Jumamosi mbele za watu."

Angekuwa anasema uongo ningemkasirikia, na hasira ingenisaidia. Lakini mwenyewe nilikuwa nimeshajishtukia. Nilikuwa nafika beti la pili nakuta niko mahali pasipo pangu, naimba kile kile anachoimba jirani yangu wa sauti ya kwanza, na sijui nimefikaje. Nikawa napunguza sauti. Mwisho nikawa nafungua mdomo tu, hakitoki kitu. Mtu wa namna hiyo kwenye kwaya anakalia nafasi ya mwingine. Nimeshawasema watu kwa jambo hilo, na sikuwasema kwa upole.

Nieleze kidogo kwa asiyeimba. Sauti ya kwanza ndiyo inabeba wimbo, ile ambayo kila mtu anaondoka nayo kwenda nyumbani. Besi ni wale wanaume wa chini kabisa, na tena ni wanaume walio juu yao. Sisi wa sauti ya pili tuko katikati, na hakuna anayetukumbuka mpaka tukosee. Mimi nota sizijui, shule niliishia darasa la nne. Najifunza kwa sikio, na sikio langu hutafuta besi kwanza. Nikishaipata, najua mimi nikae wapi juu yake. Nikiikosa, navutwa na yeyote anayeimba kwa nguvu karibu yangu.

Na besi ilikuwa inanipotea.

Zamani tulijifunza wimbo kwa kukaa pamoja kwenye mabenchi, jioni baada ya jioni, mpaka uingie. Mwalimu huyu ana kazi ya kufundisha shule, hana jioni zote hizo. Anarekodi wimbo, anautuma kwenye grupu la kwaya, kila mtu ajifunze kwake, Jumamosi tunakutana kuunganisha. Sina ugomvi na utaratibu huo. Lakini mimi nikiiweka simu mezani nilikuwa nasikia kinanda na wanawake wa juu tu. Wanaume ni kama hawakuja.

Ninaishi na mjukuu wangu wa kike, mtu mzima, anafanya kazi kwenye duka la kutoa kopi karibu na soko. Yeye na mimi tunataniana, ndiyo desturi. Ananiita Bibi mbele za watu, lakini tukiwa wenyewe mimi ni mke mwenzake, kwa sababu anasema marehemu babu yake alimpenda yeye zaidi.

"Simu hiyo haina besi, Bibi," akaniambia. "Spika yake ni kama ukucha wa kuku. Nitakuletea hedifoni."

Akaniletea, zile za kuingiza ndani ya sikio, waya mweusi na vipira kwenye ncha. Nikazivaa hapo hapo. Nilichosikia kilikuwa kibaya kuliko simu yenyewe. Kinanda kilikuwa kama nzi ndani ya kopo. Wanawake walikuwa wanaimbia puani. Nikaongeza sauti mpaka mwisho, nzi wakaongezeka. Besi hakuna.

"Umeuziwa mbovu," nikamwambia.

Akazichukua, akaziingiza kwenye masikio yake, na mara ile ile kichwa chake kikaanza kucheza.

"Mbovu? Bibi, besi inagonga mpaka kifuani! Hizi kali."

Nikainuka kama mtu aliyekumbuka kuangalia moto, nikaenda jikoni nikasimama. Waya ni ule ule, wimbo ni ule ule, yeye anasikia wanaume na mimi sisikii. Basi ubovu hauko kwenye waya.

Mama yangu alikufa kiziwi. Haikumjia kwa siku moja. Kwanza aliacha kuitika akiitwa kutoka uani, na sisi tukasema amekuwa na kiburi cha uzee. Halafu akawa anacheka wengine wakicheka, amechelewa kidogo, anaangalia midomo yetu. Halafu watu wakachoka kurudia maneno. Nilikuwa nasikia wakisema mbele yake, "Mwache huyo, hasikii." Mwanamke ambaye ukoo haukuamua posa bila yeye, akawa mtu wa kuletewa chakula na kuonyeshwa pa kukaa. Hakuna aliyemfanyia ubaya. Watu walimaliza maneno yao wakaondoka, na yeye amekaa pale pale.

Siku zile nikaanza kujipima kimya kimya. Jogoo wa jirani ninamsikia? Ninamsikia. Bajaji ikipita? Ninaisikia. Honi ya treni kutoka stesheni? Nilidhani nimeisikia, halafu sikuwa na hakika kama nimeisikia au ninaijua tu saa yake. Nikawa nakaa nimegeuza shingo kama kuku anayetazama mwewe. Mjukuu akisema kitu kutoka chumbani ninaitika "ee" kabla hajamaliza, nisije nikaonekana. Mara moja nikaitikia "ee" alipouliza kama chumvi nimeweka mara mbili.

Hakuwa mjinga. Siku moja alirudi kutoka kazini jua bado liko juu, akavuta kigoda akakaa mbele yangu uani, maharage yakiwa motoni.

"Bibi, kile kimfuko cha vipira kiko wapi?"

"Vipira gani?"

"Vilikuwemo kwenye boksi la hedifoni. Vidogo vidogo, vingine vikubwa kidogo."

"Viko kwenye kopo la vifungo. Ni vya akiba, vya sasa vikichanika."

"Si vya akiba. Ni saizi. Kama viatu."

"Sikio lina saizi?"

"La kwako lina saizi ya mtu aliyevutwa sana masikio utotoni."

"Lete la kwako nilivute, tufanane."

"Tulia, mke mwenzangu. Sikiliza. Kipira kikiwa kidogo kwako, pembeni kunabaki upenyo. Besi yote inatokea hapo, wewe unabaki na makelele ya juu. Huenda masikio yako hayana shida yoyote."

Alilisema jambo la masikio hivyo hivyo, kama mtu anayeokota kijiti njiani na kukitupa. Kumbe alikuwa anajua kinachonisumbua. Nilimwangalia kwa ukali, akaangalia sufuria.

Akavimwaga vile vipira kwenye ungo, katikati ya vifungo. Tukaanza na vidogo. Vilidondoka kabla sijageuza shingo. Vya kati, cha kulia kikateleza, cha kushoto kikakaa. Vikubwa, sikio la kushoto likauma, la kulia likakipokea vizuri. Basi akaweka kikubwa kulia na cha kati kushoto.

"Kumbe hata masikio yako hayaelewani," akasema.

"Hata wewe na mimi hatuelewani, na tunaishi nyumba moja. Weka wimbo."

Akaweka. Nzi walipungua, lakini besi bado.

"Vua kitambaa."

"Sivui."

Mimi hufunga kitambaa kichwani kwa kukaza, kimeshuka mpaka nusu ya sikio. Nimefunga hivyo tangu nilipoolewa.

"Kinasukuma sikio, Bibi. Kinavuta na waya. Basi kipandishe."

Nikakipandisha juu ya masikio. Nikajisikia kama niko nje bila nguo. Nikavipachika tena vile vidude. Wimbo ukaanza, kinanda, wanawake, na mahali ambapo wanaume wanaingia palikuwa na kitu kama mtu anayeburuta gunia nyumba ya tatu. Nikatikisa kichwa. Sikutaka kusema kwa mdomo.

Mjukuu akaniangalia mikono. Akasema, "Vitoe, halafu vaa tena, taratibu."

Nikavitoa nikavaa.

"Tena."

"Mimi si mtoto wa chekechea."

"Tena, Bibi, nakuomba."

Nikavaa tena. Akapiga makofi.

"Unaona? Unakirudisha!"

"Ninarudisha nini?"

"Unakiingiza vizuri mpaka ndani, halafu kidole chako kinakivuta nyuma kidogo. Kila mara. Kulia na kushoto."

"Sivuti."

Akaniletea kioo, akakishika mbele ya uso wangu. Nikaingiza kile cha kulia. Kikaingia. Halafu nikaona kidole changu mwenyewe, bila kukituma, kikikivuta nje kiasi cha punje ya mchele. Nikakiangalia kidole kile kama cha mtu mwingine.

Nilijua mazoea hayo yametoka wapi.

Nilipofiwa na mume wangu nilifanya kazi miaka mingi kwenye mashine ya kukoboa mpunga, kwetu upande wa Kibaoni. Wanawake tulikuwa wa kupepeta, kujaza magunia na kuzoa pumba. Ile mashine ilikuwa inalia mpaka meno yanauma. Hakuna aliyetupa kitu cha kuziba masikio, kwa hiyo tulijizibia wenyewe. Unachana kipande cha khanga kuukuu, unakisokota, unakilowanisha kwa mate, unakisukuma sikioni. Na aliyekutangulia anakufundisha siku ya kwanza: ukishakisukuma, kivute nyuma kidogo, acha mwanya. Ule mkanda mkubwa unaozungusha mashine ukitaka kuteleza au kukatika hulia kwanza, mlio mwembamba, tofauti na makelele mengine. Aliyeacha mwanya anausikia anaruka pembeni. Mwenzetu mmoja hakuacha. Alikuwa na kichwa kinachouma siku hiyo, akaziba kabisa apate nafuu. Mkanda ulilia, sote tuliruka, yeye alikuwa ameinama anakusanya chenga za mchele. Alipona, lakini mkono wake haukunyooka tena. Baada ya hapo hakukuwa na haja ya kumfundisha mtu mara mbili. Mimi nimewafundisha wengi. Nilikuwa nawapiga vidole wakizembea.

Nikamweleza mjukuu. Aliacha kucheka.

"Sasa hapa uani mkanda uko wapi, Bibi?"

"Haupo."

"Basi usivute."

Ni rahisi kusema. Nilikiingiza cha kulia, nikakishika kidole changu cha kulia kwa mkono wa kushoto, kama unavyomshika mtoto asiguse moto. Akanionyesha nivute kwanza sikio juu na nyuma kwa mkono mwingine, njia inyooke, halafu nizungushe kipira kidogo kinapoingia. Nikafanya. Nikafanya na la kushoto.

Dunia ikazimwa.

Sijui niseme vipi. Kuku walikuwa wanaparua mbele yangu na miguu yao haina sauti. Moto unawaka hausikiki. Mjukuu anafungua mdomo na kuufunga. Ndani ya kichwa changu nilisikia mate yakishuka kooni na moyo ukigonga, na kitu kama upepo ambacho nadhani ni pumzi yangu. Nikawaza, mama yangu alikuwa anakaa humu. Nikavingoa vyote viwili, nikavitupa kwenye ungo.

"Siwezi."

"Bibi!"

"Nimesema siwezi. Mtu anaweza kuingia getini nisimsikie. Maharage yanaweza kuungua. Nyie mmezoea kuziba masikio na kutembea barabarani kama magogo, siku moja pikipiki itawazoa."

Hakubishana. Aligeuza kigoda chake, akakaa akitazama geti, mgongo wake umegusa magoti yangu.

"Mimi nakaa hapa," akasema. "Geti naliona. Maharage nayaona. Kitu kikitokea nakupiga kofi la paja. Na nimelitamani siku nyingi."

Jumamosi ilikuwa karibu, na mimi sikuwa na beti la pili. Nikaviokota, nikavifuta vumbi kwa pindo la kitenge, nikavivaa kama alivyonionyesha, mkono mmoja umevuta sikio, mwingine unasukuma, halafu nikakishika kile kidole chenye mazoea. Nikampiga begani aweke wimbo.

Kinanda kikaja, hakikuwa nzi tena. Wanawake wakaja, kila mmoja na mahali pake. Halafu wanaume wakaingia. Sikuwasikia kwanza, niliwahisi kwenye mfupa wa taya. Ile besi ilikuja chini ya kila kitu, nzito, inatembea polepole, inapanda kidogo kwenye neno la mwisho la mstari halafu inarudi. Kumbe beti la pili linashuka mahali ambapo mimi nilikuwa napanda. Kumbe nilikuwa najifunza wimbo ambao nusu yake haipo. Nikasikiliza mpaka mwisho, nikamgonga begani arudie. Akarudia. Sikulia, mimi si mtu wa kulia kwa ajili ya kinanda. Lakini niliomba arudie mpaka maharage yakapikika.

Laiti ningeacha hapo. Lakini mtu aliyeogopa anapenda kuhakikisha. Nikatoa kile cha kushoto nisikilize kwa la kulia peke yake. Vizuri, kila kitu kimo. Nikarudisha cha kushoto, nikatoa cha kulia. Kila kitu kimo pia, lakini kiko mbali, kama kanisa la mtaa wa pili. Nikasukuma, nikavuta sikio, nikazungusha. Nikabadilisha kipira nikaweka kikubwa, nikavumilia maumivu. Mbali vile vile. Nikageuza, kidude cha kulia nikakiweka kushoto na cha kushoto kulia. Upande wa kulia ukawa vizuri, upande wa kushoto ukawa mbali.

Mashineni mimi nilikuwa nasimama injini iko kushoto kwangu. Miaka yote ile, upande mmoja.

"Vipi?" mjukuu akauliza, amegeuka.

"La kushoto limechoka," nikamwambia.

Alitaka kusema neno la kunituliza, nikamwona linakuja, nikamkatiza kwa mkono. Akasema tu, "Ukitoka Kibaoni twende hospitali waliangalie. Labda ni nta."

"Nani kasema nitakwenda Kibaoni?"

"Utakwenda."

Kati ya siku ile na Jumamosi nilikuwa navaa zile hedifoni kila alasiri anapokuwepo, kamwe siyo nikiwa peke yangu. Nilijaribu kuimba nikiwa nimezivaa, ikanishinda, kwa sababu masikio yakizibwa sauti yako mwenyewe inajaa kichwani kama ngoma na huwasikii wenzako. Basi nikawa nasikiliza mstari, navitoa, naimba mstari, navirudisha. Kazi ya kuudhi. Kidole kilikuwa bado kinataka kuvuta nyuma. Nikawa nakisema kwa sauti, "Acha," na jirani akapita uzioni akaniuliza nani anafanya fujo.

Jumamosi nilifika kanisani mapema, kitambaa nimekifunga juu ya masikio, kitu ambacho wanawake wenzangu walikiona kabla sijakaa.

"Leo Mama umependeza, unakwenda kuposwa?"

"Nakwenda kupimwa kama nyie. Kaeni chini."

Kikundi cha kwanza kikaimba, msichana mmoja wa sauti ya kwanza akasahau maneno akakalishwa. Cha pili kikapita. Nikaitwa. Mwalimu akatupanga mwenyewe kwa kutushika mabega: mwanamke wa sauti ya kwanza kulia kwangu, mwenye kifua kipana na sauti ya kuita ng'ombe, kushoto kwangu kijana wa tena, na mwisho kabisa kushoto, baada ya tena, mwanamume wa besi, fundi baiskeli mwenye umri wa mwanangu mkubwa.

Nikaona kilichotokea. Sikio langu zima limepewa sauti ya kwanza. Besi imepewa sikio la mashine.

Ningeweza kunyamaza nikajaribu. Nilikuwa na wimbo wote kichwani. Lakini niliwaza beti la pili, mwanamke yule akifungua kifua kile karibu yangu, na mimi natafuta wanaume kwa upande usiosikia. Na kusema ilikuwa ni kusema mbele ya kwaya nzima. Wakishajua, wamejua. Kesho mtu atanipigia kelele usoni kunisalimia. Keshokutwa mtu atasema, mwacheni, hasikii.

Mwalimu akainua mkono wa kuanzisha.

"Subiri," nikasema.

Akashusha mkono. "Kuna nini, Mama?"

"Nataka huyu wa besi asimame kulia kwangu. Huyu wa sauti ya kwanza aende huko mwisho."

"Kwa nini?"

"Sikio langu la kushoto halisikii vizuri. La kulia linasikia. Mimi naimba kwa kumsikiliza besi. Ukimweka kushoto, nitapotea, na wewe utasema sijajifunza. Nimejifunza."

Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Semeni tu Mama kataka kukaa na wanaume!" na wakacheka wote. Mimi pia mdomo ulinicheza. Kicheko kilikuwa cha kawaida, kile wanachomcheka mtu yeyote. Nilikisikiliza kwa makini nione kama kuna kingine ndani yake, sikukipata, au hakikunifikia.

Mwalimu hakucheka. Alikuwa ananiangalia.

"Kumbe ndiyo hiyo," akasema. "Mama, ungeniambia."

"Nimejua wiki hii."

Akatupanga upya. Fundi baiskeli akaja kulia kwangu, ananuka grisi kidogo na sabuni. Tukaanza.

Beti la kwanza lilikwenda. Besi ilikuwa pale, karibu, ile ile ya kwenye mfupa wa taya, na mimi juu yake. Tukaingia la pili. Mstari wa kwanza, wa pili. Na hapo hapo kwenye lile neno la kushuka, fundi baiskeli akakohoa. Akakohoa tena, akainama, akaweka ngumi mdomoni. Besi ikakatika kama umeme.

Nilisikia sauti ya kwanza ikinivuta kutoka kule mwisho, hata kwa lile sikio bovu nilimsikia, mwanamke yule hana dogo. Koo langu lilitaka kupanda kumfuata. Nikafumba macho. Nikawaza wanaume walivyokuwa wakipita mahali pale kwenye zile hedifoni, alasiri baada ya alasiri, mgongo wa mjukuu kwenye magoti yangu, na nikashuka wanaposhuka wao. Hakukuwa na mtu chini yangu. Nilishuka peke yangu mpaka mwisho wa mstari, na nilipofika pale fundi akawa amepata pumzi, akaingia chini yangu na sauti yake ilikaa sawasawa na yangu.

Tukamaliza. Mwalimu akamwambia kijana wa tena kwamba anakimbia, apunguze. Akamwambia sauti ya kwanza asipige kelele, kanisa ni dogo. Kisha akasema, "Kikundi kinachofuata."

Nikabaki nimesimama.

"Mama, kakae," akasema. "Umepita. Kibaoni nitawapanga hivi hivi."

Nikaenda benchi nikakaa karibu na fundi baiskeli, yeye akiwa upande wangu wa kulia. Alikuwa anajifuta macho kwa kitambaa.

"Samahani, Mama. Vumbi lilinikaba."

"Kibaoni unakwenda?"

"Nakwenda, Mungu akipenda."

"Hicho kikohozi kina muda gani?"

"Si kikohozi, ni vumbi tu."

"Nimekisikia. Mwambie mkeo achemshe tangawizi, unywe asubuhi na jioni, na kwenye gari usikae dirishani."

Akacheka. Akaniangalia akaona mimi sicheki, akaacha.

"Nimekusikia, Mama," akasema.

"Na usije ukapanda gari lingine. Utapanda la kwangu."